Itikadi za vyama na majanga ya afya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yalitawala wakati wa COVID-19, na hurudi kila ugonjwa mpya unapozuka. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayotatanisha. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Kirusi hakina kadi ya chama. Itikadi inaingiaje?

Kirusi hakina chama, ila kila hatua ya kukizuia ina gharama, na lazima awepo wa kuilipa. Ukifunga shule, mzazi anayeishi kwa kibarua cha siku anabaki nyumbani bila kipato. Ukiacha shughuli ziendelee, mzee na mgonjwa wa kisukari ndio wanaobeba hatari. Kuamua nani abebe mzigo gani ni siasa, hata kama tangazo limesomwa na daktari.

Itikadi ni jibu ambalo chama kimeshalitoa kabla ugonjwa haujafika: dola iingilie maisha ya watu kwa kiasi gani, soko liachiwe nini, dini na familia zina nafasi gani, na nani anahesabiwa kuwa mwenzetu. Janga linapofika ghafla, hakuna muda wa kufikiri upya, na viongozi hushika kile kilicho karibu na mkono wao. Anayeamini katika soko hutafuta kwanza kampuni itakayotengeneza dawa. Anayeamini katika dola hutafuta kwanza amri na bajeti. Wa tatu hufikiria kwanza mpaka wa nchi na wageni.

2. Itikadi na ushabiki wa chama si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na kuvichanganya ndiko kunakoharibu mijadala mingi. Itikadi ni msimamo kuhusu jambo lenyewe. Ushabiki ni msimamo kuhusu nani kasema. Kipimo ni rahisi: pendekezo lilelile likitolewa na mpinzani, jibu lako linabaki vilevile?

Tazama chanjo za COVID-19 nchini Marekani. Mpango wa kuziharakisha, Operation Warp Speed, ulianzishwa Mei 2020 na serikali ya Donald Trump wa chama cha Republican. Oktoba mwaka huo, Kamala Harris wa chama cha Democratic alisema katika mdahalo kwamba wataalamu wakimshauri achanje atakuwa wa kwanza kwenye foleni, lakini akiambiwa na Trump hatachanja. Miezi michache baadaye Ikulu ilibadilisha mwenyeji, chanjo zikaanza kunadiwa na Wademokrat, na Warepublican ndio wakawa wazito kuzipokea. Kilichobadilika kilikuwa mdomo unaoisifu, na hakuna itikadi ya dola ndogo au dola kubwa inayoweza kueleza mgeuko huo.

3. Mgawanyiko wa vyama juu ya ugonjwa ulianza na COVID-19?

Hapana, ni wa zamani mno. Mwaka 1793 homa ya manjano iliua watu wapatao 5,000 katika mji wa Philadelphia, karibu mtu mmoja kwa kila kumi. Vyama vya Marekani ndiyo kwanza vilikuwa vinachipuka. Wafuasi wa Alexander Hamilton, waziri wa fedha, walielekea kuamini kwamba ugonjwa umeletwa na meli na wakimbizi kutoka visiwa vya Karibi; wafuasi wa mpinzani wake, Thomas Jefferson, walielekea kuamini kwamba umezaliwa palepale, kwenye uchafu wa mji. Hata tiba ilipata chama. Hamilton, aliyeugua na kupona, alisifia hadharani dawa ya magome ya mti na divai aliyopewa na daktari Edward Stevens, na daktari Benjamin Rush wa upande wa pili alishikilia kuwatoa wagonjwa damu na kuwaharisha kwa zebaki. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba mbu ndiye aliyekuwa akiieneza.

Kisa kinachonikaa moyoni zaidi ni cha Hamburg, mwaka 1892. Mji huo wa Ujerumani ulitawaliwa na matajiri wa biashara ya bandari walioamini kwamba serikali bora ni ile isiyotumia fedha nyingi wala kusumbua biashara. Kwa miaka mingi waliahirisha ujenzi wa mitambo ya kuchuja maji ya mto Elbe. Kipindupindu kilipoingia mwezi Agosti, walichelewa kukitangaza, maana tangazo lingefunga bandari. Watu wapatao 8,600 walikufa, wengi wao katika mitaa ya wafanyakazi ambao hata kura hawakuwa nayo. Altona, mji jirani ulio chini zaidi kwenye mto uleule, ulikuwa ukichuja maji yake, na uliponea pembeni. Watu wa miji ile waliishi mitaa iliyoungana, wakipumua hewa moja. Kilichowatenganisha kilikuwa uamuzi wa bajeti uliopitishwa miaka mingi kabla ya mgonjwa wa kwanza.

## Kulia na kushoto

4. Ni kweli kwamba vyama vya kulia (vya kihafidhina, vinavyotetea soko) hukataa vizuizi na vya kushoto (vinavyoipa dola nafasi kubwa) hufunga nchi?

Ukitazama Marekani peke yake, ambako Warepublican ndio kulia na Wademokrat ndio kushoto, utadhani hivyo. Machi 2020 California, chini ya Mdemokrat Gavin Newsom, ilikuwa jimbo la kwanza kuwaamuru wakazi wote wabaki nyumbani. South Dakota, chini ya Mrepublican Kristi Noem, haikutoa amri hiyo kabisa. Lakini hata hukohuko, gavana wa kwanza kuamuru shule za jimbo zima zifungwe alikuwa Mike DeWine wa Ohio, naye ni Mrepublican.

Nje ya Marekani kanuni hiyo inavunjika zaidi. Norway ilifungwa Machi 2020 na waziri mkuu mhafidhina, Erna Solberg. Australia ilifunga mipaka yake kwa ukali chini ya Scott Morrison wa mrengo wa kulia. Upande wa kushoto, Andrés Manuel López Obrador wa Mexico aliendelea kukumbatiana na watu mwanzoni mwa janga na kuonyesha waandishi wa habari hirizi zake, na serikali ya Daniel Ortega nchini Nicaragua iliandaa maandamano ya mitaani Machi 2020 wakati wengine wakikataza mikusanyiko.

Kinachowaunganisha López Obrador, Ortega na Jair Bolsonaro, rais wa Brazil wa mrengo wa kulia wakati huo, ni namna ya kutawala: kiongozi anayejiona kuwa ndiye sauti ya wananchi, na anayemwona mtaalamu kama mmoja wa wakubwa wanaowakandamiza wananchi hao. Tabia hiyo hupatikana kulia na kushoto.

5. Mbona Sweden na Denmark zilitofautiana, wakati zote zilikuwa chini ya vyama vya demokrasia ya kijamii?

Kwa sababu chama hutawala kupitia katiba na taasisi kilizozikuta. Mette Frederiksen wa Denmark alitangaza kufunga tarehe 11 Machi 2020, akienda mbele ya ushauri wa wataalamu wake mwenyewe. Stefan Löfven wa Sweden, ndugu yake kiitikadi, aliacha shule za watoto wadogo na migahawa wazi.

Nchini Sweden idara za serikali zina uhuru mkubwa, na waziri hana ruhusa ya kuingilia uamuzi wa idara katika shauri mahususi. Idara ya afya ya jamii, na mtaalamu wake Anders Tegnell, ndiyo ikawa sauti ya nchi. Katiba haikuwa na kifungu cha kutangaza hali ya hatari wakati wa amani, na sheria maalumu ya janga ilipatikana Januari 2021 tu.

Nani alikuwa sahihi? Mwaka 2020 Sweden ilipoteza watu wengi zaidi kwa uwiano kuliko majirani zake, hasa wazee katika nyumba za kulelea. Ukihesabu vifo vya ziada vya miaka mitatu yote, hadi 2022, imo miongoni mwa nchi za Ulaya zilizopata vifo vichache. Atakayekupa nusu moja tu ya habari hii anakutafutia kura.

6. Basi alama ya itikadi huonekana wapi?

Itafute kwenye fedha na kwenye masharti. Hapo ndipo pana ushahidi mwingi, ingawa watu hupatazama mara chache.

Kuhusu fedha: vyama vya kulia vilivyokuwa madarakani mwaka 2020 vilimwaga mabilioni, kinyume na mahubiri yao ya siku zote. Wahafidhina wa Uingereza walilipa asilimia 80 ya mishahara ya wafanyakazi waliosimamishwa kazi kwa muda, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha kifurushi cha takribani dola trilioni 2.2 kwa kura 96 bila hata moja ya kupinga. Ila angalia njia. Uingereza, kama nchi nyingi za Ulaya, ilimlinda mfanyakazi akiwa bado ana kazi. Marekani ilitoa hundi, mikopo ya biashara inayoweza kusamehewa, na nyongeza ya dola 600 kwa wiki kwa waliopoteza kazi, nyongeza iliyokoma mwishoni mwa Julai 2020 huku ugonjwa ukiendelea. Namna chama kinavyomtazama mtu asiye na kazi ilijitokeza hapo.

Kuhusu masharti, hakuna mfano ulio wazi kuliko PEPFAR, mpango wa UKIMWI ulioanzishwa na George W. Bush mwaka 2003 kwa ahadi ya dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Ni Mrepublican mhafidhina aliyeuanzisha, na umeokoa mamilioni ya maisha, wengi wao Waafrika. Imani ya kidini ya Bush na ya makanisa yaliyomuunga mkono ilichangia kuuzaa. Tusiione itikadi kama kikwazo tu. Lakini imani hiyohiyo iliandika masharti: theluthi moja ya fedha za kinga ielekezwe kwenye kuhimiza kujizuia hadi ndoa, na mashirika yanayopokea fedha yatamke kupinga ukahaba. Brazil, ambayo mpango wake wa UKIMWI ulifanya kazi bega kwa bega na makahaba, mwaka 2005 iliamua kuzikataa fedha za Marekani, takribani dola milioni 40, kuliko kutamka hivyo.

7. Na vyama vya kikomunisti?

Vina mashina hadi ngazi ya mtaa, na hilo ni nguvu kubwa katika kufuatilia wagonjwa. Vietnam ilimaliza mwaka 2020 ikiwa na vifo 35 vilivyotangazwa. Kerala, jimbo la India lililokuwa likiongozwa na muungano wa wakomunisti, lilisifiwa kwa kudhibiti kirusi cha Nipah mwaka 2018 na COVID-19 mwanzoni, waziri wa afya akiwa K. K. Shailaja. Ila kwa miongo kadhaa mirengo miwili ilipokezana serikali ya Kerala, na zahanati zake zilijengwa na yote miwili.

Udhaifu wa vyama hivi ni kwamba sera ikishakuwa fahari ya chama, kuiacha ni kama kukiri kosa. China ilishikilia kutokomeza kabisa maambukizi hadi Desemba 2022, ikaiacha ghafla baada ya maandamano ya Novemba, huku wazee wengi wakiwa hawajakamilisha chanjo.

## Wananchi na wafuasi

8. Kwa nini barakoa ilikuwa alama ya chama?

Kwa sababu inaonekana usoni. Mtu hana muda wa kusoma tafiti; huangalia watu anaowaamini wamefanya nini. Viongozi wa pande zote wakivaa, barakoa ni kitambaa. Upande mmoja ukiivaa na mwingine ukiikejeli, imekuwa sare, na anayeivaa anaonekana ametangaza kura yake. Kuivua kunakuwa uaminifu kwa wenzake, na aibu ya kutengwa na watu wako ni nzito kuliko hofu ya ugonjwa usioonekana. Sipendi kusikia watu hao wakiitwa wajinga. Walifanya kile ambacho binadamu hufanya: walikaa na watu wao.

9. Je, ushabiki huo uliua watu?

Ushahidi ulio bora zaidi unasema ndiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vifo vya watu waliojiandikisha na vyama viwili vikuu vya Marekani katika majimbo ya Ohio na Florida, matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Kabla chanjo hazijapatikana, tofauti ilikuwa ndogo. Baada ya kila mtu mzima kuruhusiwa kuchanjwa, kiwango cha vifo vya ziada kwa Warepublican kilikuwa juu ya kile cha Wademokrat kwa asilimia 43. Pengo lilionekana zaidi katika maeneo yenye uchanjaji mdogo.

Upande wa pili nao ulikuwa na hasara yake. Sehemu zilizoongozwa na Wademokrat zilichelewa zaidi kufungua shule, na tafiti kadhaa ziligundua kwamba siasa za mahali zilieleza ucheleweshaji huo kuliko wingi wa maambukizi. Waliopoteza zaidi ni watoto wa maskini, wale ambao chama hicho hujinadi kuwatetea.

10. Kiongozi aliyewapoteza wafuasi wake anaweza kuwarudisha?

Kwa shida. Agosti 2021, kwenye mkutano wa hadhara huko Cullman, Alabama, Trump aliwahimiza wafuasi wake wachanjwe. Baadhi walimzomea, naye akalegeza, akiwaambia wana uhuru wao. Shaka ikishapandwa hujitegemea, na aliyeipanda huwa mfuasi wake.

## Hali zinazotatanisha

11. Chama kimoja kinawezaje kutoa majibu mawili yanayopingana?

Tanzania ni mfano ulio karibu na wasomaji wengi wa Kiswahili. Chini ya John Magufuli, serikali iliacha kutangaza takwimu za COVID-19 tangu mwishoni mwa Aprili 2020, na Januari 2021 Rais alitilia shaka chanjo hadharani. Alifariki Machi 2021. Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wake, wa CCM hiyohiyo, aliunda kamati ya wataalamu mwezi uliofuata, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa mbele ya kamera. Ilani ya chama haikubadilika hata nukta.

Afrika Kusini iliwahi kupitia njia hiyo, kwa gharama kubwa. Rais Thabo Mbeki wa chama cha ANC alitilia shaka kwamba VVU ndivyo husababisha UKIMWI, na waziri wake wa afya akasifia kitunguu saumu na kiazisukari. Shaka ya Mbeki ilikuwa na mizizi ya kiitikadi: hasira dhidi ya kampuni za dawa za nchi tajiri, na dhidi ya simulizi za kibaguzi kuhusu miili ya Waafrika. Hasira hiyo ilikuwa ya haki. Hitimisho lake lilikuwa la kifo. Watafiti wa Harvard walikadiria kwamba watu zaidi ya 330,000 walikufa kwa kucheleweshewa dawa. Waliomrekebisha hawakuwa wapinzani wa ukombozi. Shirika la Treatment Action Campaign lilijaa watu wa harakati hizohizo, na Julai 2002 lilishinda katika Mahakama ya Katiba ili wajawazito wapewe nevirapine, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto. ANC ileile baadaye ikajenga mpango mkubwa kuliko yote duniani wa dawa za kufubaza VVU.

Chama kikiwa kikubwa na cha muda mrefu, itikadi yake huwa ghala. Kila kiongozi huingia na kutoka na kile anachokitaka.

12. Wapo waliokwenda kinyume na itikadi yao?

Wapo. C. Everett Koop, daktari mkuu wa serikali ya Ronald Reagan, alikuwa Mkristo mhafidhina mpinga utoaji mimba. Oktoba 1986 alitoa ripoti iliyotaka watoto wafundishwe kuhusu UKIMWI mapema na kuitaja kondomu waziwazi. Waliomshangilia alipoteuliwa walimgeuka. Nchini Uingereza, Norman Fowler, waziri katika serikali ya Margaret Thatcher, alisambaza vipeperushi nyumba kwa nyumba mwaka 1987, ingawa waziri mkuu wake hakufurahia lugha ya wazi kiasi hicho.

Wengine hugeuka wakiwa wamechelewa. Mike Pence, akiwa gavana wa Indiana, alipinga kugawa sindano safi kwa watumiaji wa dawa za kulevya. VVU vilipolipuka katika kaunti ya Scott, alitangaza dharura Machi 2015 na kuruhusu ugawaji wa muda. Zaidi ya watu 180 walikuwa wameambukizwa mlipuko ulipotulia.

13. Itakuwaje serikali kuu na majimbo zikiwa mikononi mwa vyama tofauti?

Kila upande unaweza kuwa kinga dhidi ya makosa ya mwingine, au kumrushia lawama. Brazil ilipata yote mawili. Bolsonaro alimfukuza waziri wa afya Luiz Henrique Mandetta Aprili 2020, na mrithi wake, Nelson Teich, akajiuzulu kabla ya mwezi kwisha. Mahakama Kuu ya nchi ilithibitisha kwamba majimbo na miji ina haki ya kuweka vizuizi vyake. João Doria, gavana wa São Paulo aliyechaguliwa mwaka 2018 kwa kujifungamanisha na Bolsonaro, akaleta chanjo ya CoronaVac kupitia taasisi ya Butantan, na sindano ya kwanza ikachomwa Januari 2021. Wote wawili walikuwa wa mrengo wa kulia, na wote walikuwa wakiutazama uchaguzi wa 2022.

Australia ilichagua njia nyingine: waziri mkuu na viongozi wa majimbo, wa vyama vyote, walikaa katika baraza moja. Waligombana sana, lakini waligombana chumbani.

14. Tukiwaachia wataalamu waamue, tatizo litaisha?

Litapungua tu. Mtaalamu anaweza kukwambia maambukizi yatapungua kwa kiasi gani ukifunga masoko. Hawezi kukwambia, kwa utaalamu wake, kwamba hasara hiyo inastahili. Akilazimishwa kuamua hilo, naye amekuwa mwanasiasa ambaye hakuna aliyempigia kura, na siku akikosea, watu wataacha kuamini hata vipimo vyake. Jibu la swali la 5 linaonyesha uzito wa mzigo huo.

15. Upinzani ufanye nini? Kukosoa si usaliti?

Kukosoa ni kazi yake. Alichofanya Rui Rio, kiongozi wa upinzani nchini Ureno mwaka 2020, ni kutenganisha mambo mawili: alimtakia waziri mkuu António Costa ujasiri na bahati njema bungeni, akisema bahati yake ni bahati ya wote, na hakuacha kuwa mpinzani. Mwaka uliofuata Ureno ilikuwa miongoni mwa nchi zilizochanja watu wengi zaidi duniani. Sidai kwamba maneno yale peke yake ndiyo yaliyochanja, maana kuna historia ndefu ya imani katika chanjo, na mpango ulisimamiwa na afisa wa jeshi la majini asiye wa chama. Lakini hakuna Mreno aliyelazimika kukisaliti chama chake ili achanjwe.

Kinyume chake ni serikali kutumia janga kunyamazisha ukosoaji. Machi 2020 bunge la Hungary lilimpa Viktor Orbán mamlaka ya kutawala kwa amri bila ukomo wa muda, pamoja na kifungo kwa watakaohukumiwa kueneza uongo kuhusu janga.

16. Janga likiisha, mgawanyiko huisha nao?

Hapana, huhamia kwenye sheria. Nchini Marekani, zaidi ya nusu ya majimbo yalipitisha sheria za kupunguza mamlaka ya maofisa wa afya, kwa hiyo gavana wa janga lijalo, wa chama chochote, atakuta baadhi ya zana hazipo. Shaka iliyoanza kwa chanjo moja imesogea hadi kwenye chanjo za watoto kama ya surua. Na ugomvi umevuka mipaka: Januari 2025 Trump alitia saini amri ya kuiondoa Marekani katika Shirika la Afya Duniani, na Mei mwaka huo nchi wanachama zilipoidhinisha mkataba wa kukabiliana na majanga yajayo, Marekani haikuwemo.